Mbinu za uigaji kwa vifaa vya maikrofluidiki: ipi itangulie, ipi ingoje

Anayesanifu kifaa cha maikrofluidiki, yaani kifaa chenye mifereji ya upana wa makumi au mamia ya maikromita inayopitisha maikrolita chache za kimiminika kwa dakika, mara nyingi huanza kwa kuuliza ni programu ipi ainunue au aipakue. Swali hilo huja mapema mno. Mbinu za uigaji hutofautiana hasa kwa jambo moja: kila moja hukokotoa vizuri tukio fulani la kifizikia, na hukokotoa vibaya, au haikokotoi kabisa, tukio jingine. Linalopaswa kujulikana kwanza ni tukio lipi litakaloamua kama kifaa kitafanya kazi, liwe mgawanyo wa mtiririko kati ya matawi, kasi ya kuchanganyika kwa vimiminika, ukubwa wa matone, au njia ambayo seli zitaifuata.

Ili ulinganisho uwe na pa kushikia, tuchukue mfereji mmoja wa mstatili wenye urefu wa milimita 10, upana wa maikromita 100 na kina cha maikromita 50, unaopitisha maji ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa kiasi cha maikrolita 1 kwa dakika. Kasi ya wastani humo ni takriban milimita 3.3 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, inayolinganisha inesha (ukaidi wa kimiminika kubadili mwendo wake) na mnato (ukinzani wake wa ndani dhidi ya kutiririka), ni kama 0.2, kwa hiyo hakuna msukosuko wowote, na modeli za msukosuko zilizojaa katika programu za mtiririko hazina kazi hapa. Namba ya Péclet, inayolinganisha kubebwa na mkondo na msambao wa molekuli, inakaribia 330 kwa molekuli ndogo yenye kiwango cha msambao cha 10⁻⁹ m²/s. Namba ya kwanza inasema kwamba mtiririko ni rahisi kuukokotoa. Ya pili inasema kwamba ukolezi wa kilichoyeyushwa si rahisi hata kidogo. Wengi hutulizwa na ile ya kwanza wakaisahau hii.

Saketi ya ukinzani

Mbinu nyepesi kuliko zote huuchukulia kila mfereji kama kikinzani katika saketi ya umeme: shinikizo linachukua nafasi ya volteji, mtiririko unachukua nafasi ya mkondo, na katika kila makutano kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka. Ukinzani wa mfereji wa mstatili ambao kina chake ni kidogo kuliko upana wake ni R = 12ηL / [wh³(1 − 0.63h/w)], ambapo η ni mnato, L ni urefu, w ni upana na h ni kina. Kwa mfereji wetu, ambao upana ni mara mbili ya kina, kosa la kanuni hii ni chini ya asilimia 1. Ukinzani unakuwa takriban 1.4 × 10¹³ Pa·s/m³, na shinikizo linalohitajika kusukuma maikrolita 1 kwa dakika ni kama paskali 234. Hesabu hiyo hufanywa kwenye lahajedwali, na mtandao wa mifereji hamsini hutatuliwa papo hapo.

Mbinu hii hudharauliwa kwa sababu haitoi picha za rangi, ilhali ndiyo inayojibu maswali mengi zaidi ya usanifu: matawi yatagawana mtiririko vipi, pampu inahitaji nguvu kiasi gani, tawi moja likiziba mengine yatapata nini. Mitandao yenye matawi mengi, ile inayochanganya vimiminika viwili hatua kwa hatua ili kupata mfululizo wa viwango vya ukolezi, husanifiwa vizuri kabisa kwa njia hii. Tena saketi hueleza jambo ambalo uigaji wa hali tulivu, yaani isiyobadilika kwa muda, hauwezi kulieleza, nalo ni ucheleweshaji. Kiputo cha hewa cha maikrolita 10 kilichobaki kwenye mpira wa sirinji kwa shinikizo la kawaida la hewa hufanya kazi kama kapasita. Kikiunganishwa na mfereji wetu, muda maalumu wa mfumo, yaani kipimo cha muda unaochukua kuifikia hali mpya ya mtiririko, ni kama sekunde 1.4, muda mfupi unaovumilika. Kikiunganishwa na mfereji wa maikromita 20 kwa 20 wenye urefu uleule, muda huo unafika karibu dakika 3, na anayeendesha jaribio atadhani pampu imeharibika.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na saketi, nayo ni ustahimilivu wa vipimo wakati wa utengenezaji. Ukinzani hutegemea kina kwa kiasi kinachokaribia kipeo cha tatu. Kina kikitoka maikromita 45 badala ya 50, ukinzani hupanda kwa takriban asilimia 31. Mnato wa maji nao hushuka kwa asilimia 11 hivi joto linapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 25. Anayetengeneza vifaa ambavyo kina chake hakijulikani kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 10 hana sababu ya kulipia siku nzima ya kompyuta ili apate shinikizo lenye usahihi wa asilimia moja. Saketi inamtosha, na inampa nafasi ya kurudia hesabu kwa kina kidogo zaidi na kikubwa zaidi ili aone kama usanifu wake utavumilia.

Saketi huishia pale umbo la mtiririko lenyewe linapokuwa na maana: kona zinazokusanya mabaki, nguzo zinazochuja seli, makutano yanayozalisha matone, au mfereji wenye mifuo sakafuni. Vilevile haijui kwamba kuta za PDMS, ile silikoni laini inayopendwa na maabara nyingi, huvimba chini ya shinikizo na kupunguza ukinzani, isipokuwa mtumiaji aongeze marekebisho hayo mwenyewe.

Kishawishi cha vipimo viwili

Hatua inayofuata kwa wengi ni kuchora mfereji jinsi unavyoonekana kutoka juu na kuuiga kwa vipimo viwili tu. Hapa pana mtego unaostahili kuelezwa kwa namba. Uigaji wa vipimo viwili usiojua kuwapo kwa sakafu na dari huuona mfereji wetu kana kwamba kina chake hakina mwisho, na ukinzani unaotokana nao ni takriban 2.4 × 10¹² Pa·s/m³, karibu mara sita chini ya ule halisi. Wasifu wa kasi kutoka ukuta hadi ukuta nao hupotoka. Dawa ipo: katika mifereji mipana yenye kina kifupi huongezwa kwenye mlingano kani ya msuguano wa sakafu na dari, yenye thamani ya −12ηu/h², na programu kadhaa zina kitufe cha kazi hiyo. Kwa mfereji ambao upana ni mara kumi ya kina matokeo huwa mazuri. Kwa mfereji wetu, wenye uwiano wa mbili kwa moja, hubaki makadirio tu. Kwa matone, vipimo viwili havifai ila kwa mazoezi, kwa sababu tone halisi lina mpindo wa pili wa uso, na mafuta hupenya kwenye pembe nne za mfereji kulipita tone. Mambo hayo mawili hayapo kwenye karatasi bapa.

Elementi kikomo na ujazo kikomo

Mlingano wa Navier na Stokes, ule unaoeleza mwendo wa vimiminika, ukihitaji kutatuliwa kwa vipimo vitatu, wagombea wakuu wawili ni mbinu ya elementi kikomo na mbinu ya ujazo kikomo. Zote mbili huugawa mfereji katika wavu wa vipande vidogo. Ya kwanza hutafuta jibu kwa kulijenga kutokana na fomula rahisi ndani ya kila kipande. Ya pili huweka hesabu ya kinachoingia na kinachotoka katika kila kipande, hivyo masi haipotei popote.

Kwa mtiririko wa kimiminika kimoja wenye Reynolds ndogo kiasi hiki, tofauti ya matokeo kati ya mbinu hizi ni ndogo mno kuwa kigezo cha uteuzi. Kinachoamua ni fizikia inayoambatana na mtiririko. Kifaa kikiwa na elektrodi zinazovuta chembe, kipasha joto chini ya sakafu, au utando unaopinda, elementi kikomo ina faida dhahiri, kwa kuwa umeme, joto, msambao na ugumu wa mango hutatuliwa katika mfumo mmoja. Ndiyo maana programu ya COMSOL Multiphysics imeenea sana katika maabara za fani hii, pamoja na kwamba leseni yake ni ghali. FEniCS ni programu huria inayotumia mbinu hiyohiyo, lakini humtaka mtumiaji aandike milingano yake mwenyewe. Upande wa ujazo kikomo wamo Fluent ya kampuni ya ANSYS na OpenFOAM, programu huria iliyoachiwa umma mwaka 2004, ambayo haidai ada yoyote ila hudai uvumilivu: mipangilio yake huandikwa kwenye faili za maandishi, na kosa la herufi moja husimamisha kazi nzima.

Ugumu halisi wa mbinu zote mbili hujitokeza kwenye kuchanganyika. Tuseme vimiminika viwili vinaingia kwenye mfereji wetu bega kwa bega. Molekuli ndogo huhitaji takriban sekunde 5 kuuvuka upana wa maikromita 100, muda ambao maji yameshasafiri kama milimita 17. Kwa hiyo mwishoni mwa mfereji wa milimita 10 uchanganyiko haujakamilika. Sasa mwanafunzi anauiga mfereji huo kwa wavu wa vipande vya maikromita 2, akitumia mpango wa hesabu wa daraja la kwanza (ule ambao vipande vikipunguzwa nusu, kosa lake hupungua nusu tu), na mfereji wake umelala kwa pembe ya nyuzi 45 juu ya mistari ya wavu. Mpango huo huingiza msambao bandia unaokadiriwa kuwa 2.4 × 10⁻⁹ m²/s kukata mkondo, zaidi ya mara mbili ya msambao halisi wa molekuli. Kompyuta itamwambia kwamba kifaa kinachanganya vizuri, na kifaa halisi hakitachanganya. Protini, ambazo husambaa polepole zaidi kwa mara kumi au zaidi, hukuza kosa hilo kwa kadiri hiyohiyo.

Tiba yake ni kuulaza wavu sambamba na mkondo panapowezekana, kutumia mipango ya daraja la pili au zaidi, na kukagua kama programu imewasha yenyewe nyongeza za kutuliza hesabu, maana nyingi huziwasha bila kuuliza. Kwa vichanganyio vyenye mifuo ya mshazari sakafuni, vinavyokunja na kunyoosha kimiminika hadi tabaka zake ziwe nyembamba mno, ninaona ni busara kuachana kabisa na wavu wa ukolezi: kasi ikokotolewe mara moja, kisha maelfu ya chembe za kufikirika ziachiwe zifuate mkondo huo, zikiongezewa mtikisiko wa nasibu unaowakilisha msambao. Njia hiyo haina msambao bandia wa wavu wa ukolezi.

Mtiririko unaovutwa kwa umeme una mtego wa namna yake. Tabaka la ioni linalougusa ukuta lina unene wa takriban nanomita 10 katika chumvi ya milimola 1, na kama nanomita 1 katika milimola 100. Kulifuata kwa wavu ndani ya mfereji wa maikromita 50 ni kupoteza nguvu za kompyuta, wakati inatosha kuupa ukuta kasi ya kuteleza inayotokana na kanuni ya Helmholtz na Smoluchowski, inayohusisha kasi hiyo na nguvu ya uga wa umeme.

Matone: mahali ambapo uteuzi una gharama

Kimiminika kikiwa kimoja, mbinu mbaya humchelewesha msanifu. Vikiwa viwili visivyochanganyika, humdanganya. Kabla ya kuiga chochote, hesabu namba ya kapilari, ambayo ni mnato ukizidishwa na kasi kisha kugawanywa kwa mvutano wa uso. Katika makutano ya umbo la T, namba hiyo ikiwa chini ya takriban 0.01, tone hukatwa kwa kubanwa na shinikizo la kimiminika kinacholizunguka, na urefu wake ukigawanywa kwa upana wa mfereji hukaribia 1 + αQd/Qc, ambapo Qd ni mtiririko wa kinachogeuka tone, Qc ni wa kile kinachokibeba, na α ni namba inayokaribia moja. Kanuni hiyo fupi, iliyotolewa na Garstecki na wenzake mwaka 2006, imewaokolea watu miezi ya uigaji. Anayetaka kujua tu ukubwa wa tone katika makutano ya kawaida aanze nayo.

Umbo likiwa jipya, mbinu tatu hushindana katika kufuatilia mpaka kati ya vimiminika. Ya kwanza, ya ujazo wa sehemu, iliyoelezwa na Hirt na Nichols mwaka 1981, huandika katika kila kipande cha wavu ni sehemu gani imejaa kimiminika kipi. Huhifadhi masi vizuri, ila mpaka wenyewe hukokotolewa kwa kubahatisha umbo lake kutokana na majirani. Ya pili, ya seti za usawa, ya Osher na Sethian ya mwaka 1988, huchora mpaka laini wenye mpindo safi, lakini tone dogo linaweza kupungua taratibu hesabu ikiendelea. Ya tatu, ya uga wa awamu, huufanya mpaka kuwa ukanda wenye unene fulani. Mstari ambapo mpaka unagusa ukuta husogea bila kuhitaji kanuni ya pembeni, na hilo ni faida kubwa kwa vifaa vinavyotegemea kulowana kwa kuta, lakini unene wa ukanda huo lazima uwe na vipande kadhaa vya wavu, na gharama hupanda haraka.

Adui wa zote tatu ni mikondo bandia inayozunguka pembeni mwa tone kwa sababu mpindo haukukokotolewa sawasawa. Ukubwa wake hufuata uwiano wa mvutano wa uso kwa mnato. Kwa mafuta na maji yenye sabuni, mvutano ukiwa mN/m 5 na mnato ukiwa mPa·s 1, uwiano huo ni mita 5 kwa sekunde. Hata hitilafu ya sehemu moja katika elfu huzaa mkondo wa milimita 5 kwa sekunde, wenye kasi kuliko mtiririko halisi wa milimita 3.3 tunaotaka kuuona! Ndiyo sababu interFoam, kikokotozi cha kawaida cha vimiminika viwili katika OpenFOAM, kinapaswa kutumiwa kwa tahadhari pale namba ya kapilari inapokuwa ndogo sana. Kwa kazi ya namna hiyo ningependelea Basilisk, programu huria inayokokotoa mpindo kwa uangalifu zaidi na kuuboresha wavu wake karibu na mpaka tu.

Muda nao hubana. Mvutano wa uso unapokokotolewa kwa njia ya kawaida, hatua ya muda haiwezi kuzidi kikomo kinachotegemea ukubwa wa vipande. Kwa vimiminika tulivyovitaja na vipande vya maikromita 2, kikomo hicho ni takriban nusu ya maikrosekunde. Tone linalozaliwa kila baada ya milisekunde 10 litadai hatua elfu 20, na matone ya mwanzo hayahesabiki kwa kuwa mfumo bado haujatulia.

Kimia cha Boltzmann

Mbinu ya kimia cha Boltzmann haiutatui mlingano wa Navier na Stokes moja kwa moja. Hufuata makundi ya chembe za kufikirika yanayohama kati ya nukta za wavu wa mraba na kugongana, na kutokana na migongano hiyo mtiririko hujitokeza wenyewe. Mvuto wake uko mahali pawili. Maumbo yaliyochangamana, kama karatasi ya kupimia au kitalu cha nguzo mamia, huingizwa bila kuhangaika na wavu, mara nyingi moja kwa moja kutoka kwenye picha ya hadubini. Tena hesabu zake hugawanyika vizuri kwenye maelfu ya vichakataji vya kadi ya michoro.

Bei yake haionekani mwanzoni. Toleo linalotumia mielekeo 19 huhifadhi namba 19 kwa kila nukta. Mfereji wetu ukigawanywa kwa maikromita 1 una nukta milioni 50, na namba za usahihi wa kawaida wa baiti 8 zinajaza gigabaiti 7.6, au maradufu ya hapo programu ikiweka nakala mbili. Kwa mpangilio wa kawaida hatua ya muda ni takriban maikrosekunde 0.17, kwa hiyo sekunde moja ya mtiririko ni hatua milioni 6. Anayetaka tu hali tulivu ya mfereji ulionyooka hana sababu yoyote ya kuingia huku. Mwenye kifaa cha kupanga seli kwa nguzo, au kinachosogeza seli kwa kani za inesha kwenye Reynolds ya makumi, anayo sababu nzuri: seli ya maikromita 15 ndani ya mfereji wa maikromita 50 haiwezi kuchukuliwa kuwa nukta inayofuata mkondo, maana yenyewe huubadili mkondo, na kimia cha Boltzmann kikiunganishwa na mpaka uliozamishwa (mbinu inayouweka uso wa seli juu ya wavu bila kuulazimisha wavu uufuate) ni miongoni mwa njia bora za kuiga seli inayopinda. Palabos ni programu huria iliyokomaa kwa kazi hiyo.

Mbinu za chembe zilizo ndogo zaidi ya hapo, kama uigaji wa molekuli moja moja, hazisanifu vifaa vya maikromita. Hutumika kujua jinsi maji yanavyoteleza ukutani au polima inavyojikunjua, na matokeo yake huingizwa katika mbinu kubwa kama sharti la ukuta. Gesi ni suala jingine: hewa ya kawaida ina mwendo huru wa molekuli wa nanomita 70 hivi, kwa hiyo katika mfereji wa maikromita 1 kuteleza ukutani lazima kuhesabiwe, ilhali katika mfereji wa maikromita 50 kunaweza kupuuzwa.

Modeli zinazojifunza kutokana na data zinafaa pale ambapo msanifu anataka kujaribu maumbo maelfu, lakini hurithi kila kosa la uigaji uliozifunza. Zilizofundishwa kwa matokeo yenye msambao bandia zitapendekeza vichanganyio vinavyochanganya kwenye kompyuta tu.

Ukaguzi kabla ya kuamini

Mbinu yoyote yenye wavu irudiwe kwa wavu tatu, kila mmoja ukiwa na vipande vya nusu ya ukubwa wa uliotangulia. Kinachofuatiliwa kiwe kile hasa kinachosanifiwa, kama urefu wa tone au kiwango cha uchanganyiko mlangoni, wala si kasi ya juu kabisa, ambayo hutulia mapema na kumpa mtu imani asiyostahili. Ikiwa urefu wa tone unabadilika kwa asilimia 8 kati ya wavu wa kwanza na wa pili, kisha kwa asilimia 2 kati ya wa pili na wa tatu, hesabu ya daraja la pili inaenda inavyotakiwa na kosa lililobaki ni chini ya asilimia 1. Ikibadilika kwa 8 kisha kwa 7, wavu wa tatu haujafika popote, hata kama umekula usiku mzima wa kompyuta. Katika matone, kosa hilo mara nyingi hutoka kwenye utando mwembamba wa mafuta kati ya tone na ukuta, ambao haukupata hata kipande kimoja cha wavu ndani yake. Hapo panapohitaji kuongezwa vipande ni ukutani, wala si mfereji mzima.